Canter ya dabo au ya singo? Mwongozo kamili wa kuchagua na kutunza gari la mizigo lenye matairi manne nyuma

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza: nichukue Canter ya dabo au ya singo? Kwa asiyeizoea lugha ya gereji, singo ni gari lenye tairi moja kila upande wa nyuma, na dabo ni lile lenye mawili mawili, yaani manne nyuma na mawili mbele. Swali ni lilelile kwa Toyota Dyna, Isuzu Elf, na hata kwa vigari vya chini kama Hyundai H100.

Jibu langu halijabadilika. Dabo ni gari la mtu aliye tayari kuinama kila asubuhi kuliangalia tairi la ndani. Lile la nje linaonekana na kila mtu: dereva, utingo, askari wa barabarani, mpaka mpita njia atakwambia limepungua upepo. La ndani halina mtetezi. Limejificha gizani kati ya mwenzake na springi, na karibu hasara zote za dabo nilizoziona zilianzia huko. Ukilitunza, dabo itakulipa. Usipolitunza, ni afadhali singo na mzigo mdogo.

Hatua ya kwanza: andika mzigo wako wa mwezi mzima

Watu hununua gari kwa kuukumbuka ule mzigo mmoja mkubwa waliowahi kuukosa. Usifanye hivyo. Chukua daftari, andika safari zako za mwezi uliopita au zile unazozitegemea: umebeba nini, kilo ngapi, umetoka wapi umefika wapi, na umerudi na mzigo au mtupu. Saruji ni rahisi kwa sababu mfuko ni kilo 50, hivyo mifuko 40 ni tani mbili. Mazao ndiyo yanayodanganya. Gunia la lumbesa halina uzito wa kuaminika, na tenga la nyanya hutofautiana na la jirani yake. Pima matenga matano, tafuta wastani, kisha zidisha.

Kama safari nyingi ni za tani moja kushuka chini, ndani ya mji, na mara mbili kwa mwezi tu ndiyo unapata tani mbili na nusu, chukua singo, na siku hizo mbili kodi gari la mwenzako. Kama zaidi ya nusu ya safari ni tani mbili kwenda juu, tena za masafa marefu, endelea kusoma habari za dabo.

Hatua ya pili: soma ubavu wa tairi

Hapa ndipo siri yote ilipo, na imeandikwa wazi kwenye mpira. Nenda kwenye tairi lolote la gari la mizigo, futa vumbi, utakuta maandishi kama 195/85R16 114/112L. Hiki ni kipimo cha kawaida sana kwenye magari ya Kijapani ya tani mbili. Nambari mbili zenye mkwaju katikati ndizo za mzigo. Ya kwanza, 114, ni uwezo wa tairi likifungwa peke yake: kilo 1,180. Ya pili, 112, ni uwezo wake likifungwa na mwenzake: kilo 1,120.

Umeona? Tairi likipata mwenza, uwezo wake hushuka. Mawili hayagawani mzigo sawasawa kila sekunde: barabara ina mgongo, kuna mashimo, kuna jiwe, na kila mara mmoja hubeba zaidi kidogo. Pia yanapashana joto, na upepo wa kuyapoza haupiti vizuri katikati. Kwa hiyo kiwanda huweka akiba.

Sasa piga hesabu. Singo: 1,180 mara mbili, kilo 2,360 kwa ekseli ya nyuma. Dabo: 1,120 mara nne, kilo 4,480. Karibu mara mbili. Hiyo ndiyo faida kubwa ya dabo, na nyingine zote zinaifuata kwa mbali.

Lakini tairi si gari. Uzito unapita pia kwenye springi, ekseli, bearing, chesisi na breki. Nimewaona watu wakichukua gari la singo, wanabadilisha rimu na habu (kitovu cha gurudumu) kwa fundi, wanaweka dabo, halafu wanapakia kana kwamba gari limezaliwa upya. Springi zinalala, chesisi inapata ufa karibu na shakoli (kishikizo cha springi), na breki ni zilezile zilizotengenezwa kusimamisha mzigo mdogo. Kipimo cha kufuata ni kile cha chini kuliko vyote, na uwezo wa gari umeandikwa kwenye sahani ya kiwanda, mlangoni au ndani ya kichwa.

Habari ya mzani inachanganya watu pia. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayagusa magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5, gari na mzigo kwa pamoja, kwa hiyo Canter ya dabo iliyopakia vizuri inaingia mzanini. Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa mpaka tani 10. Hizo tani 10 zimewekwa kuilinda barabara. Ekseli ya Canter yako haijatengenezwa kubeba uzito huo, basi usitoke mzanini ukidhani umepewa ruhusa ya kuongeza.

Hatua ya tatu: ijue njia yako

Kwenye lami, dabo yenye mzigo inatulia. Mzigo mrefu kama matenga yaliyopangwa juu au magodoro hauyumbi sana kwenye kona, wala lori kubwa likikupita halikutikisi kama litikisavyo singo. Dereva anayetoka Ilula, mkoani Iringa, na nyanya usiku anaijua thamani ya utulivu huo.

Kwenye changarawe kuna adui mmoja: jiwe. Jiwe la ukubwa wa ngumi likiingia kati ya matairi mawili linaganda hapo, linakula ubavu wa yote mawili kila mzunguko, na siku likichomoka linaruka kama la kombeo na kupasua kioo cha gari la nyuma. Utingo mzuri hushuka kila kituo akamulika katikati kwa tochi, na mtaimbo mfupi uko mkononi. Ukitoka barabara ya vumbi ukaingia lami, simama hapo hapo ukague kabla hujaongeza mwendo.

Matope ni hadithi ya pande mbili. Dabo ina eneo kubwa la kukanyagia, kwa hiyo haizami haraka. Ila tope la mfinyanzi likijaa kati ya matairi, yanageuka gurudumu moja pana, laini, lisilo na meno. Na ikiwa tupu ni mbaya zaidi, kwa sababu uzito mdogo umetawanywa kwenye matairi manne na hakuna linaloukamata udongo. Hata kwenye lami yenye maji, dabo tupu hupenda kuteleza nyuma. Tena ukikuta njia yenye mifereji iliyochimbwa na magari ya singo, dabo haikai ndani ya mfereji: tairi moja liko shimoni, jingine linapanda ukingo, na mzigo wote unaangukia lile lililoko juu. Mwenye shamba ambalo njia yake ni ya namna hiyo miezi minne kwa mwaka, mimi namshauri singo yenye matairi makubwa ya kashata (meno ya tairi), au pikapu ya kuendesha magurudumu yote.

Neno kuhusu vigari vya kibapa kama H100: matairi ya nyuma ni madogo, ya inchi 12 au 13, ili kitanda kiwe chini na bapa. Kupakia friji au mifuko hapo ni raha, huinui mbali. Ubaya wake ni kwamba tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, huisha upesi, na shimo ambalo Canter inalivuka, vigari hivi vinatumbukia. Ni magari ya mjini, na mjini yanafaa sana.

Na kama uko Marekani, ambako dabo hufungwa hata kwenye pikapu za kawaida kama Ford F-350 na Ram 3500 (Chevrolet ilitoa yake mwaka 1973 ikiitwa Big Dooley), hesabu ni tofauti kidogo. Kule kazi yake hasa ni kuvuta trela zito ambalo shingo yake inalalia kitandani. Uzito huo unaikandamiza nyuma ya gari, na upana wa dabo ndio unaozuia trela kuiyumbisha pikapu. Gharama yake ni huo huo upana: mabega ya nyuma yanatokeza, na gari linafika kama mita 2.4 badala ya karibu mita 2 za singo. Maegesho, njia za benki za kupita na gari, mashine za kuoshea, vyote vinakuwa vifinyu. Kama huvuti trela zito karibu kila wiki, singo ya daraja hilohilo inatosha.

Hatua ya nne: gharama

Hapa pafupi. Dabo ina matairi sita na la akiba saba, singo ina manne na la akiba matano. Piga bei ya tairi moja mjini kwako mara tofauti hiyo, ongeza mafuta kidogo kwa sababu mpira mwingi unaviringika, ongeza na hela ya fundi pancha, maana kulifikia la ndani lazima la nje livuliwe kwanza. Kisha gawa kwa kilo unazobeba, wala usigawe kwa kilomita. Kwa mwenye mzigo wa kweli dabo inashinda hapo. Kwa anayezunguka nusu tupu, inashindwa vibaya.

Hatua ya tano: kukagua gari kabla ya kulipa

Nenda asubuhi, gari likiwa limepoa, na uvae nguo ya kuchafuka. Lala chini upande wa nyuma na tochi. Angalia ubavu wa ndani wa matairi ya ndani, ule unaoitazama springi. Muuzaji hupaka rangi nyeusi matairi ya nje, huku chini sijaona aliyejisumbua. Tafuta mipasuko, uvimbe, na alama za mpira kusugua springi.

Kisha ingiza vidole kati ya tairi la nje na la ndani, pale chini linapogusa ardhi. Lazima pawepo nafasi hata gari likiwa na mzigo. Mtu akifunga tairi nene kuliko lililokusudiwa, matairi yanapishana vizuri gari likiwa tupu, ila likipakiwa mabavu yanavimba na kubusiana. Ukiona doa linalong'aa kwenye mabavu yote mawili kwa usawa uleule, yamekuwa yakisagana.

Angalia mashimo ya nati kwenye rimu. Yakiwa yametanuka kuwa kama yai, au ukiona michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kwenda nje, gari limetembea nati zikiwa zimelegea. Nati zilegeapo kwenye dabo, rimu mbili zinasuguana, na mwisho stadi (bolti zinazoshika nati) zinakatika moja baada ya moja.

Ukikuta gari la dabo ambalo matairi ya ndani yamevuliwa ili "kupunguza gharama", ondoka. Rimu hizo zimejikunja ili mbili zikae mgongo kwa mgongo juu ya habu, na ukifunga moja peke yake uzito hauangukii tena mahali bearing zilipotegemea.

Hatua ya sita: kuyaoanisha matairi

Niliyoyalipia mwenyewe ni haya. Miaka ya nyuma tairi moja la nje liliniishia upande wa kushoto. Hela ilikuwa ya tairi moja tu, nikanunua jipya, nikalifunga nje, na la ndani nikaliacha lilelile lililochakaa. Safari ya kwanza, nyanya kutoka Ilula kuja Dar es Salaam. Tukashuka mteremko wa Kitonga salama, tukapita Ruaha Mbuyuni, na kabla ya kuingia hifadhi ya Mikumi likapasuka. Lile jipya! Nilimlaumu aliyeniuzia kwa muda mrefu, mpaka fundi mmoja mzee aliponikalisha chini na futi kamba.

Tairi jipya lilikuwa na kina cha kashata milimita 10 hivi, la zamani milimita 4. Tofauti ya milimita 6 upande mmoja ni milimita 12 za kimo. Kwa tairi la kipimo nilichokitaja juu, mzunguko wa jipya unazidi wa zamani kwa karibu sentimita 4. Lakini yote mawili yamefungwa kwenye habu moja, lazima yazunguke sawa. Kwa hiyo kila mzunguko moja linaburuzwa. Kwa kilomita moja ni kama mita 16 za kuburuzwa. Toka Ilula mpaka Dar, zaidi ya kilomita 400, ni kilomita sita na nusu za mpira kusugua lami. Na lile refu, jipya, ndilo lililokuwa limebeba sehemu kubwa ya mzigo peke yake, likichemka.

Kanuni ya matairi ya ukubwa huu: tofauti ya kimo kati ya wenza isizidi milimita 6, au ya mzunguko isizidi milimita 19. Pima kwa futi kamba ukizungusha katikati ya kashata, matairi yote yakiwa na upepo sawa. Ukitaka njia ya haraka, chukua ubao mrefu ulionyooka, uegemeze kwa nyuma kwenye matairi yote manne: yote yaguse. Usioanishe pia aina mbili za muundo, yaani la radial, lenye herufi R kwenye kipimo chake, na la kizamani lisilo na R, maana yanajikunja tofauti chini ya mzigo hata kimo kikiwa sawa.

Ukiwa na hela ya matairi mawili tu, yafunge mbele, kisha yaliyokuwa mbele, ambayo yamechakaa pamoja, yapeleke nyuma upande mmoja yawe wenza.

Hatua ya saba: kufunga na kukaza

Weka matundu ya rimu yaoane, na valvu mbili zitazamane pande tofauti, moja juu nyingine chini. Ukizipanga pamoja hutaifikia ya ndani. Weka na kile kipande cha kurefushia valvu ya ndani, cha chuma, kisichogusa rimu, chenye kifuniko cha chuma. Bila hicho, tairi la ndani halitapimwa, kwa sababu hakuna atakayehangaika kuingiza mkono humo alfajiri. Kwangu hicho ni kifaa cha kwanza kununua hata kabla ya redio.

Magari mengi ya Kijapani ya zamani yana nati mbili kwa kila stadi: ya ndani inayoshika rimu ya ndani, na ya nje inayojifunga juu ya ile ya ndani. Kaza zote za ndani kwanza, kwa mtindo wa msalaba, ndipo ulete rimu ya nje. Baadaye ukitaka kukazia ya ndani, lazima uilegeze ya nje, ukaze, kisha uirudishe. Fundi akikaza za nje tu hajakaza kitu kwa tairi la ndani. Na katika mfumo huo nati za magurudumu ya kushoto zina thredi za kinyume. Nimeona kijana akirukia spana kwa miguu miwili akidhani anafungua, kumbe anakata stadi. Tazama herufi L kwenye kichwa cha stadi.

Ukishafunga, tembea kilomita 50 mpaka 100, kisha simama ukaze tena.

Hatua ya nane: upepo, kila asubuhi

Kuligonga tairi kwa nyundo hukwambia tu kama limekufa kabisa. Lililopoteza robo ya upepo linalia vilevile. Nunua geji yenye shingo ndefu. Pima matairi yakiwa yamepoa, la ndani na la nje yawe sawasawa, kwa kiwango cha sahani ya gari. Lililopungua asilimia 20 au zaidi lihesabu kuwa ni pancha, livue litazamwe ndani kabla ya kulijaza.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, tairi la ndani limeukumbatia mtungi wa breki. Breki ikichemka, joto linaingia kwenye rimu na mpira. Shuka kwa gia nzito na breki ya eksozi, usikanyage pedali mfululizo. Ukifika chini simama, weka kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: iliyo moto kuliko wenzake ina breki inayong'ang'ania au tairi lisilo na upepo.

Hatua ya tisa: pancha njiani

Sifa inayotajwa sana ya dabo ni kwamba tairi moja likiisha upepo, gari halianguki upande, unaweza kusogea. Kweli, na sifa hiyo imeokoa watu kwenye kona mbaya. Ila inasogeza tu mpaka penye usalama. Gari likiwa limejaa, upande mmoja una kilo 2,240 zilizokuwa za matairi mawili. Likibaki moja, linabeba karibu mara mbili ya kilo 1,180 linazoruhusiwa, na lile lililokufa linajisaga pembeni yake mpaka linatoa moshi. Magari yameungua moto kwa kuendelea hivyo mpaka mji unaofuata.

Basi punguza mwendo taratibu, toka barabarani, weka pembetatu zako. Kama la nje ndilo lililokufa, kazi ni rahisi: unaweza kupandisha la ndani lenye uzima juu ya kipande kinene cha mbao, la nje likaning'inia, ingawa mimi napendelea jeki chini ya ekseli na kabari kwenye matairi ya mbele, kwa sababu mbao huteleza. Kama ni la ndani, jeki ni lazima, maana la nje huvuliwa kwanza. Vua, oanisha kimo cha la akiba na la mwenzake kabla ya kulifunga, na kama halioani, funga hivyo hivyo, pakua sehemu ya mzigo kama kuna gari la kuuchukua, na nenda polepole mpaka kwa fundi wa karibu.